Kubadilisha paa nyumba ya wazee Tabata: tufiche bati au tuache mgongo kama zamani?

Kitinda Mimba wa Tabata

Wakuu habari za jioni, naomba tusaidiane kabla hela haijageuka mbao.

Nyumba ni ya wazee wetu, ipo Tabata, imejengwa miaka ya tisini, vyumba vinne na sebule, tofali za nchi sita, nguzo hamna, kuna mkanda wa zege juu ya milango na madirisha basi. Ukubwa ni mita 12 kwa 9. Paa ni mgongo wa tembo, maji yanashuka pande mbili, bati la geji 32, yaani jembamba, la migongo midogo na limeshakula kutu kiasi kwamba ukipanda darini mchana huhitaji tochi. Mbao za upande wa jikoni mchwa wameshamaliza kazi yao. Masika haya mama kapanga mabeseni korido nzima na silingi ya chumba cha wageni imeshuka yenyewe bila kugongewa nyundo.

Tumekubaliana ndugu wote kuchanga, tatizo ni paa gani. Kaka mkubwa yuko Mwanza anataka kontemporari, bati lisionekane, anasema nyumba zote za mtaa zinaonekana za kisasa kasoro ya kwetu. Dada anasema kama tunavunja basi tumwage slabu ya zege kabisa, kesho na keshokutwa tukitaka gorofa tunapandisha tu. Mi nimekaa katikati. Mzee tulipomuuliza kasema yeye anataka asisikie tone, umbo la paa mtajuana wenyewe.

Mafundi niliowaita kila mmoja ana lake, mmoja kaniambia paa bapa ni rahisi sababu mbao chache, mwingine kaniambia paa bapa ni ghali, na wote wawili wameongea kwa kujiamini kweli kweli. Sasa wenye uzoefu shusheni nondo hapa, hasa walioishi chini ya paa la kuficha zaidi ya masika mbili tatu, wa picha za Instagram tunaomba wakae pembeni kwanza.

---

Mwali wa Segerea

Mzee kashamaliza uzi. "Nisisikie tone." Fungeni mada 😂

---

Papi Mbili Kwa Mbili

Mkuu mi ni fundi wa kupaua, nimepaua ya kuficha na ya mgongo, nakula kote kote kwahiyo sina upande.

Kwanza tuweke sawa jambo moja maana watu wengi wanalichanganya na ndo chanzo cha hasara. Paa la kuficha sio paa bapa. Ni paa la mteremko lililojengewa ukuta pembeni lisionekane. Bati lipo, kenchi zipo (fremu za mbao zinazobeba paa), papi zipo (mbao za juu ya kenchi zinazopigiliwa bati), mteremko upo, ila umelazwa chini sana ili ule ukuta usiwe mrefu kama gereza. Paa bapa kweli ni slabu ya zege, na hata hiyo slabu ikimwagwa flati kabisa kama meza ni makosa, inatakiwa ilale kidogo, angalau sentimita mbili na nusu kila mita moja, maji yaelekee kwenye mdomo wa bomba. Kwahiyo nyie hamuamui bapa au mteremko. Mnaamua mteremko mkubwa unaoonekana, mteremko mdogo uliofichwa, au zege.

Sasa chukua nyumba yako. Upana mita 9. Ukificha bati halafu maji yote yaende upande mmoja, kwa bati la migongo ya pembe kama IT4 au IT5 unaweza kulaza mpaka digrii 5, chini ya hapo usithubutu. Digrii 5 ni kama sentimita 9 kila mita, mara mita 9 unapata karibu sentimita 80 za kupanda. Jumlisha gata, ule mfereji wa kukusanya maji ya paa, jumlisha ukuta kuzidi bati kidogo juu, unakuja kwenye mita moja na robo. Hizo ni kozi tano, yaani mistari mitano ya tofali, kuzunguka nyumba nzima. Mzunguko wako ni mita 42, piga hesabu hapo ni tofali kama 440, bila plasta nje na ndani, maana ukuta wa juu unapigwa plasta pande zote mbili, bila rangi, bila mkanda mwingine wa zege wa kuufunga. Yule aliyekwambia mbao chache kasema kweli, ila kakuhesabia mbao tu, tofali kaziacha dukani.

Halafu lile bati lako la migongo midogo, hata likiwa jipya, lisilazwe digrii 5. Lile linataka mteremko mkubwa, 15 na kuendelea, maana maji yakijaa kwenye migongo midogo upepo ukapiga yanarudi juu yanapita kwenye kiungo. Nimeshaitwa kwenye nyumba bati jipya linang'aa na linavuja, watu wanatafuta tundu hawalioni, kumbe tundu hamna. Maji yanapandia kwenye kiungo.

---

Kozi ya Saba

> Kwahiyo nyie hamuamui bapa au mteremko.

Fundi hapa umeongea. Watu wanadhani ukificha bati mvua nayo haitaliona.

---

Zege la Pili

Nami niongeze upande wa dada mwenye slabu, maana ndo hatari zaidi kwenye huu uzi na naona mafundi wengi hawatamwambia sababu kazi ni kubwa na wao wanalipwa.

Zege lenye nondo lina uzito wa tani mbili na nusu kila mita moja ya ujazo. Slabu ya sentimita 15 juu ya mita za mraba 108 ni tani 40 na kidogo. Hapo hujaweka kitu juu, hujaweka sakafu ya kuelekeza maji, hujaweka tenki la lita 2000 ambalo likijaa ni tani mbili nyingine. Bati la geji 28 kwa nyumba hiyo hiyo, ukijumlisha na upenu, halifiki kilo mia sita. Mbao zote utakazotumia labda tani mbili. Sasa nyumba ya tofali za nchi sita, haina nguzo, msingi ulichimbwa kwa kubeba bati, unaibebesha tani 40. Kuta zinaweza zisianguke siku hiyo, zitaanza kupasuka kwenye kona za madirisha, msingi utazama upande mmoja, na Tabata kuna sehemu udongo ni mfinyanzi unavimba ukilowa.

Slabu kwenye nyumba ya zamani inawezekana, ila unajenga nguzo mpya na bimu mpya zenye msingi wake, yaani unajenga nyumba ndani ya nyumba. Hiyo sio kubadilisha paa tena, unahitaji mchoro wa mhandisi na kibali cha ujenzi cha halmashauri. Na "tutapandisha gorofa baadaye" bila nguzo hiyo isahau kabisa, dada aambiwe kwa upole.

Ila na hawa wa kuficha wasicheke sana. Zile tofali 440 alizosema fundi ukizipima ni kama tani 15, plasta bado. Zinakaa juu ya kuta za nje tu, kwa hiyo mara nyingi zinabebeka, lakini mtu aende akaangalie msingi kwanza, achimbe kashimo pembeni aone upana wake na umekaa kwenye nini.

---

Kapera Mjenzi

Mi naishi kwenye ya kuficha Goba, mwaka wa nne huu, haijawahi kuvuja, nasema hivo sababu naona uzi unaelekea kuwa wa kulaani. Siri ni mbili tu. Maji yangu yanatoka nje moja kwa moja, gata haipo katikati ya nyumba, ipo ukingoni na upande ule ukuta haujapandishwa, nyumba imefichwa pande tatu, ya nyuma iko wazi inamwaga kwenye gata ya kawaida ya nje. Ukisimama barabarani unaona kontemporari, ukizunguka uani unaona bati. Mgeni gani anaenda uani? Pili kila kabla ya vuli na kabla ya masika kuna kijana anapanda kufagia.

Na solar zimekaa vizuri, hakuna anayeziona, na hakuna anayeziiba.

---

Papi Mbili Kwa Mbili

Hiyo ya pande tatu ndo ninayomshauri kila mtu anayelazimisha kuficha. Wateja wengi wanakataa wanasema nyuma itaonekana mbaya. Haya, inaonekana kwa nani?

Kinachoua ni gata iliyofungiwa ndani ya kuta nne. Nieleze kinavyokwenda. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, haina mjadala. Ikinyesha ile ya masika ya kushusha milimita 60 ndani ya saa moja, paa la mita 108 linashusha lita 6480, ambayo ni ndoo tano za lita ishirini na zaidi kila dakika, zote zinakimbilia gata moja. Gata ikiwa na bomba mbili za nchi 4 zilizo wazi inamudu vizuri. Sasa weka majani ya mwarobaini wa jirani, mfuko wa rambo, mpira wa mtoto, kunguru naye kaleta mfupa wake. Bomba linaziba. Kwenye gata ya nje maji yangemwagika chini ukacheka. Kwenye gata ya ndani hayana pa kwenda, yanapanda mpaka juu ya mdomo wa gata, yanaingia chini ya bati, yanashuka kwenye jipsam. Na hapo bati halina kosa, kenchi haina kosa, kila kitu ni kipya.

Dawa yake ni rahisi na watu hawaiweki. Unatoboa ukuta wa nje tundu la dharura, bomba la nchi 3 au 4 lichungulie nje, sakafu ya tundu iwe chini ya ukingo wa gata wa upande wa bati. Bomba kuu likiziba maji yanatokea pale, unayaona yanaruka nje, unajua leo kuna kazi. Mchoraji atakwambia linaharibu sura. Mwambie sura ya nyumba yenye silingi inayoning'inia nayo aichore.

---

Binti wa Mji Mkongwe

Niwape kidogo ya Unguja maana hii hadithi sisi tumeshaipitia. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe nyingi zilijengwa na dari bapa, boriti za mikoko zimelazwa, juu mawe na chokaa nene imepigwa mpaka imeshikana. Ndo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu, boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita tatu kasoro. Lamu vile vile. Dari lilikuwa raha, watu wanapunga upepo usiku, wanaanika. Lakini mvua zetu si za Arabuni, chokaa inataka kutengenezwa kila mara, ikipasuka maji yanakwenda kwenye boriti. Bati lilipoanza kuletwa kwa wingi watu wakayafunika madari yao kwa mapaa ya bati yenye mgongo. Tazama picha ya Mji Mkongwe kutoka juu, bahari ya mabati ya kutu, na chini ya mengi yao kuna dari bapa la zamani.

Yaani walikuwa na paa bapa tayari, bure, na wakalipia kuweka mgongo juu yake.

---

Mgogo wa Mjini

Na sisi Dodoma tembe zetu ni paa bapa, fito na udongo juu, watu wamekaa humo vizazi na vizazi bila shida. Sema mvua yetu mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, Dar ni elfu moja na zaidi. Tembe ukiipeleka Tabata inayeyuka.

---

Mswahili wa Ruwi

Nasoma nikiwa Muscat. Huku ukienda mtaa mzima hukuti bati, kila nyumba paa bapa la zege, juu kuna matenki, vyombo vya AC, kamba za nguo. Watu wa kwetu wakija likizo wanapiga picha wanataka kujenga hivo hivo Dar na Pemba. Wanasahau mvua ya mwaka mzima huku kwa kawaida haifiki mvua ya mwezi wa Aprili peke yake Dar. Na hata hivo, kilipopiga kimbunga Gonu Juni 2007 ndo watu walijua mapaa yao yapoje.

Kitu kingine, wenzetu huku juu ya zege wanaweka karatasi ya lami, wanaweka foamu ya kuzuia joto, halafu vigae vya saruji juu. Bila hivyo zege linakunywa jua mchana kutwa na usiku linalitema ndani. Nimelala chini ya slabu tupu kwa jamaa yangu Kariakoo gorofa ya juu kabisa, saa sita usiku ukuta bado wa moto. Bati lina joto kali saa nane mchana ila jua likizama linapoa haraka. Wazee wanalala saa tatu, hilo lifikirieni.

---

Jirani wa Likoni

Mombasa hapa, niaje wakubwa. Kwetu flati za kupangisha karibu zote ni slabu, na ukweli usemwe landlord anamwaga slabu kwa sababu anataka kuongeza floo, si kwa sababu anapenda. Zile vyuma za nguzo huachwa zimechomoza juu miaka mingi zikishika kutu kwa chumvi ya bahari, na maji yanaingia hapo hapo kwenye vyuma. Mpangaji wa juu ndiye hujua.

Kama ni slabu wekeni ile karatasi ya lami ya kuchomwa na moto wa gesi, milimita 4, ilaliane sentimita 10 pembeni na 15 mwishoni, ipande juu ya ukuta kidogo isiishie kwenye kona. Na kabla hujamlipa fundi ziba mabomba, jaza maji kina kama cha vidole viwili, yakae siku nzima hadi mbili, uangalie chini. Akikataa hiyo testi jua mwenyewe anajua kitu. Ukimaliza pia rangi nyeupe au ya fedha juu, jua ndilo linaua lami.

---

Kitinda Mimba wa Tabata

Wakuu asanteni, hii ndo nilikuwa nataka. Slabu tumeifuta, nimempigia dada nikamsomea zile tani 40 akanyamaza, halafu akasema basi kwenye mchango wake atoe ya bati.

Kaka bado hajashuka. Anasema ile ya pande tatu kaipenda. Swali langu kwa fundi na Zege, tukificha pande tatu kuna kitu kingine cha kuangalia zaidi ya gata? Na kwa upande wa gharama je, paa la mgongo si ndo linakula bati nyingi?

---

Zege la Pili

Kuna kitu hakuna aliyekigusa hapa nacho ni upenu.

Paa lenu la sasa nina hakika limetokeza nje ya ukuta sentimita 50 au 60. Ule upenu miaka thelathini umekuwa unaufunika ukuta mvua isiupige na jua lisiupige. Madirisha yenu yalitengenezwa yakijua yana kivuli juu, kwa hiyo hayana kizibo chochote cha maana, kingo zake za chini huenda hata hazina mteremko wa kutoa maji. Ukiondoa upenu ukaweka ukuta wa kontemporari umeivua nyumba kofia. Mvua ya upepo inashuka kwenye ukuta wote kuanzia juu, inakuta nyufa za plasta ya tangu enzi za Mwinyi, inaingia kwenye fremu za madirisha. Utasikia watu wanasema "paa halivuji ila ukuta unalowa". Na ndani panakuwa na joto zaidi sababu jua la saa kumi linaingia dirishani moja kwa moja.

Nyumba mpya iliyochorwa kontemporari toka mwanzo ina vibaraza vya zege juu ya madirisha, ina plasta ya nje nzuri, rangi ya kuzuia maji. Nyumba ya zamani ukiibadilisha inabidi uyaongeze hayo yote, na hayapo kwenye hesabu ya fundi paa.

Na pale bati linapokutana na ukuta. Flashingi, kile kipande cha bati cha kuziba hapo kati, isigundishwe kwa silikoni juu ya plasta, jua la Dar linaikausha hiyo silikoni inabanduka. Ukuta unachongwa mfereji, bati la flashingi linaingizwa ndani ya mfereji, linazibwa na saruji. Kichwa cha ukuta nacho kinafunikwa na zege lenye mteremko wa kurudisha maji ndani kwenye paa, yasishuke usoni mwa nyumba yakaacha michirizi myeusi.

---

Papi Mbili Kwa Mbili

Kuhusu bati nyingi: paa lenye mteremko linaongeza eneo lakini sio kama watu wanavyotishana. Digrii 20 inaongeza kama asilimia 6 tu. Digrii 30 asilimia 15. Yale mapaa ya digrii 45 kama kanisa ndo yanaongeza asilimia 41, na hapo ni kiburi tu, hamna mtu anakulazimisha. Kwa nyumba yako na upenu wa sentimita 60 kila upande, digrii 20, unahitaji kama mita za mraba 143, weka na za kupotea kwenye kukata. Kitu kinachokula hela kwenye paa la mgongo ni makona. Maji pande nne, vipaa vidogo mbele, makutano mengi. Kila kona ni bati linakatwa linatupwa na kila makutano ni pa kuvujia. Mgongo wa tembo wenu wa pande mbili ndo paa rahisi kuliko yote, bati zima kutoka kofia hadi chini bila kiungo, agiza kiwandani wakukatie urefu wako.

Halafu mengine kwa haraka. Geji, usinunue 32 tena, 30 ni ya kubana hela, 28 ndo ya kukaa. Namba ikiwa ndogo bati ni nene, wengine wanadanganyika hapo. Na pima kwa maikromita, sio kwa stika, kuna bati limeandikwa 28 ukilipima ni 30. Skrubu zenye washa ya mpira, zipigwe juu ya mgongo wa bati, sio bondeni maji yanapopita. Asikate bati kwa grainda, cheche zinaunguza rangi na kile cha kuzuia kutu, miezi michache unaona madoadoa, mkasi wa bati upo.

Mbao, nunua zilizopigwa dawa, na kila mbao ukate kichwa uangalie, maana nyingine zimepakwa rangi ya kijani tu juu juu ndani nyeupe. Zinatoka Mafinga huko hata dawa hazijaijua. Kenchi zifungwe kwenye mkanda wa zege kwa vyuma, zisilazwe tu juu ya tofali. Bati jepesi upepo unalinyanyua kutoka chini, sio unalisukuma. Watu wa Mafia waliuona upepo wa kimbunga Hidaya Mei 2024.

---

Bibi Harusi wa Juzi

Kuna nyumba za zamani hapa mjini hasa zile za mashirika, paa sio bati ni asbesto, zile za kijivu nzito. Najua ya mleta mada ni bati ila kwa wengine wanaosoma, zile msivunje kwa nyundo wala msikate, vumbi lake likiingia kwenye mapafu ni kansa miaka mingi mbele. Zinalowanishwa, zinafunguliwa nzima nzima, zinafungwa kwenye nailoni, na waulizeni NEMC, wale wa baraza la mazingira, pa kupeleka. Nimeona watoto wanachorea vipande vyake barabarani kama chaki.

---

Kapera Mjenzi

Zege la Pili umenifanya nitoke nje kuangalia madirisha yangu 😅 kweli upande wa magharibi ukuta una michirizi.

Ila tusiue hamu za watu. Kuficha kunapendeza, tuache unafiki, na anayejenga mpya akiwa na hela ya kufanya kila kitu afanye.

---

Zege la Pili

Sina ugomvi na hilo, kwa nyumba mpya. Hapa tunaongelea nyumba ya wazee, na mimi swali ninalouliza kila mteja ni nani atapanda kufagia gata. Kapera ana kijana wake. Pale Tabata nani? Mzee? Nyie mko Mwanza na wapi sijui. Paa la digrii 20 lenye gata ya nje likisahauliwa miaka mitano halina neno, majani yakiziba gata maji yanamwagika nje. La kuficha likisahauliwa masika moja tu mama karudi kwenye mabeseni.

---

Kitinda Mimba wa Tabata

Basi wakuu tumefunga hesabu leo kwa simu, ndugu wote kwenye laini moja, kelele tupu. Hilo la nani atapanda kufagia ndo limemaliza ubishi, kaka kaambiwa kama anataka kontemporari awe anakuja yeye na ufagio kutoka Mwanza mara mbili kwa mwaka. Kacheka, kakubali.

Tunarudi na mgongo wa tembo, digrii 20, IT4 geji 28 rangi nyepesi sababu ya joto, upenu sentimita 60 unabaki, gata ya nje pande zote mbili na tunaweka tenki maana nimepiga hesabu hata tukikusanya nusu ya paa tu mvua ya mwaka ni zaidi ya lita elfu hamsini, na bili ya maji mnaijua wenyewe. Kumridhisha kaka, pale barazani mbele tunajenga kiukuta kifupi cha kuficha juu ya baraza peke yake, nyuma kiko wazi.

Bado nina moja. Bati la zamani fundi mmoja anasema anunue la upande wa mbele lililobaki zima, mwingine anasema tulitumie tena kwenye jiko la nje. Mnaonaje?

---

Papi Mbili Kwa Mbili

Usiezekee. Matundu ya misumari ya zamani hayatakaa kwenye papi mpya, utabaki na matundu wazi kila baada ya hatua moja. La mbele zungushia banda la kuku au uzio wa wakati wa ujenzi mbao zisiibwe, lililooza wauzie wa vyuma chakavu kwa kilo. Na huyo fundi anayetaka kulinunua muulize anapeleka wapi, kuna watu wanalipiga rangi linarudi mtaani kama jipya.

---

Mwali wa Segerea

Namba ya Papi tafadhali, PM iko wazi. Na mimi wangu anataka asisikie tone.